Chunusi zimepungua, lakini je, mgonjwa ameridhika?

Katika majaribio mengi ya dawa za chunusi, mafanikio hupimwa kwa kuhesabu. Daktari huhesabu vipele vya usoni siku ya kwanza, huvihesabu tena baada ya wiki 12, kisha huipa ngozi daraja kuanzia 0, yaani safi kabisa, hadi 4, yaani chunusi kali. Kwa kawaida dawa huhesabiwa kuwa imemfaa mgonjwa akishuka angalau madaraja mawili na kufikia 0 au 1. Kipimo hiki kina faida kubwa, kwani huwezesha dawa mbili kulinganishwa kwa haki. Hata hivyo, hakituambii kama mgonjwa mwenyewe anaona matibabu yamestahili muda, fedha na usumbufu aliouvumilia. Nashikilia kwamba ridhaa hiyo, yaani kuridhika kwa mgonjwa, nayo inapaswa kupimwa kwa umakini uleule, na kwamba haiwezi kupimwa kwa swali moja tu la "umeridhika?"

Wapo watakaosema kwamba kuridhika ni hisia, na hisia hubadilika, ilhali jicho la mtaalamu huona kilichopo. Ushahidi unaipunguza nguvu hoja hiyo. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1999 ulionyesha kwamba wagonjwa wa chunusi walieleza matatizo ya kijamii na kihisia makubwa kama ya wenye pumu, kifafa, kisukari au maumivu ya mgongo. La kuzingatia zaidi ni kwamba uzito wa matatizo hayo haukwenda sambamba na ukali wa chunusi kama madaktari walivyoupima. Mwenye vipele vichache aliweza kuumia kuliko mwenye vingi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na katika maradhi ya usoni, anayekilalia ni mgonjwa.

Pengo hilo linaonekana wazi zaidi kwenye ngozi nyeusi. Kipele kikishapona, mara nyingi huacha doa jeusi linaloweza kudumu kwa miezi mingi. Daktari anayehesabu vipele ataandika kwamba matibabu yamefaulu. Mgonjwa akijitazama kwenye kioo ataona uso uleule wenye madoa. Hata mtandao wa kimataifa wa watafiti wa chunusi, ulipoorodhesha mambo saba ya msingi ya kupimwa katika majaribio, ulitenganisha kuridhika na matibabu, kuridhika na mwonekano, na kiwango cha makovu na madoa. Mtu anaweza kuisifu dawa yake huku bado hajaupenda uso wake, na kinyume chake. Ukimuuliza swali moja, majibu hayo mawili yatachanganyika na hutajua la kurekebisha.

Kwa hiyo ridhaa igawanywe. Dodoso moja linalotumika kwa dawa za maradhi mbalimbali, lililotolewa mwaka 2004, huuliza kuhusu ufanisi wa dawa, madhara yake, urahisi wa kuitumia, na kuridhika kwa jumla. Kwa mgonjwa anayenunua dawa kwa fedha zake mwenyewe, bei nayo inastahili swali lake. Wakati wa kuuliza una uzito vilevile. Adapalini na tretinoini huweza kuwasha na kubabua ngozi katika wiki za mwanzo, ilhali manufaa yake huchukua wiki 8 hadi 12 kuonekana. Anayeulizwa wiki ya tatu atazungumzia mwasho. Wiki ya 12 atazungumzia nafuu. Na nani aulize? Mahali ambapo mtu amelelewa kumjibu mkubwa "naendelea vizuri, nashukuru" kabla ya kutaja shida yake, daktari akiuliza mwenyewe huenda akajibiwa kwa adabu tu. Ni heri mgonjwa ajaze dodoso peke yake, au aulizwe na mtu asiyemtibu. Walioacha kuja kliniki nao wapigiwe simu, kwa sababu kuwahesabu waliorudi pekee ni kujisifu bure.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ridhaa huweza kusifia kinachodhuru. Krimu kali za steroidi, na mikorogo yenye haidrokwinoni au zebaki, huweza kutuliza vipele na kung'arisha ngozi kwa muda mfupi, na mtumiaji akafurahi. Baadaye steroidi huikondesha ngozi na hata kuleta chunusi mpya, na zebaki huharibu figo. Vidonge vya antibiotiki vikitumiwa muda mrefu navyo huweza kumpendeza mgonjwa huku vikikuza usugu wa bakteria. Pingamizi hili ni la kweli, na jibu lake ni kwamba ridhaa haipaswi kuwa hakimu pekee. Isomwe pamoja na daraja la daktari na kumbukumbu za madhara. Lakini kutoiuliza hakumlindi mtu. Ambaye madoa yake hayakuzungumzwa kliniki ana kila sababu ya kwenda kuyatafutia dawa dukani.

Yatasalia malalamiko kwamba kliniki zina foleni na muda hautoshi. Fahirisi maarufu ya athari za chunusi iliyoundwa Cardiff ina maswali matano tu. Hiyo hupima mzigo wa maradhi, siyo ridhaa, lakini inathibitisha kwamba dodoso fupi linaweza kufanya kazi ya maana. Maswali matano kuhusu ufanisi, madhara, urahisi, gharama na madoa yanaweza kujazwa wakati mgonjwa anasubiri zamu yake. Kila jibu lina hatua yake: anayelalamikia mwasho apake dawa usiku mmoja na kuruka unaofuata, pamoja na mafuta ya kulainisha ngozi, anayesumbuliwa na madoa apewe asidi ya azelaiki na kinga ya jua, anayeshindwa na dawa nyingi atafutiwe moja ya mara moja kwa siku, anayelemewa na bei aandikiwe ya bei nafuu. Kliniki itakayokusanya majibu na kuyaacha kabatini itakuwa imempotezea mgonjwa wake muda. Thamani ya kipimo hiki itaonekana kwenye cheti cha dawa kitakachofuata.