Mpambe asiyeoa

Anayetaka kuwaona bata mzinga wa mwituni wakichumbiana inampasa awe ameshakaa chini ya mti kabla ya alfajiri, mgongo umeegemea shina, na asijikune hata akiumwa na mbu. Ndege hawa wana macho makali mno. Kati ya Machi na Mei, katika misitu na malisho ya Marekani, madume huanza makelele wakiwa bado juu ya miti walikolala: gulu-gulu-gulu, mlio unaofika mbali. Kukishapambazuka hurukia chini, na hapo shughuli huanza.

Dume hujitutumua mpaka aonekane mkubwa mara mbili. Mabawa huyashusha hadi ncha zikwaruze ardhi, mkia huusimamisha na kuutandaza, shingo huirudisha nyuma. Hupiga hatua chache za madaha, halafu hutoa sauti fupi ya kutema, ikifuatwa na mvumo mzito wa chini chini ambao ukiwa mbali huusikii kabisa. Kichwani hana manyoya. Ngozi hiyo tupu hubadilika kadiri damu inavyojaa na kupungua: nyekundu, buluu, nyeupe, na haichukui muda. Kile kinyama kilichojikunyata juu ya mdomo nacho hurefuka mpaka kikaning'inia kupita ncha ya mdomo.

Lakini tazama vizuri, kwa kuwa mara nyingi hayuko peke yake. Pembeni yake yupo dume mwingine, amejitutumua vilevile, anageuka mwenzake akigeuka. Ukimwona hivyo utadhani ni mshindani. Kumbe ni mpambe: amevaa sare ya bwana harusi, amesimama naye mbele ya watu, na mke si wake.

Mtafiti Alan Krakauer aliwafuatilia ndege hawa katika hifadhi ya Hastings, bonde la Carmel huko California, akapima vinasaba vya madume na vya vifaranga. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature. Dume mkuu mwenye mpambe alipata kwa wastani vifaranga 7. Dume anayecheza peke yake hakufikisha hata 1. Na mpambe? Sifuri.

Mbona basi asiondoke akajaribu bahati yake? Vinasaba vilijibu: wawili hao ni ndugu wa karibu. Mwaka 1964 mwanabiolojia Mwingereza W. D. Hamilton alikuwa ameshaonyesha kwa hesabu kwamba kiumbe anaweza kuendeleza damu yake kupitia watoto wa nduguye, mradi faida anayompa iwe kubwa ya kutosha. Mpambe angeondoka angeambulia kidogo mno. Akibaki, kaka yake anapata wengi. Si wema, ni hesabu, ingawa sidhani kama yeye mwenyewe anaipiga. Nani awe mkuu huamuliwa mapema, wakiwa bado vijana, kwa mateke na kuvutana shingo.

Juu ya yote hayo mwenye uamuzi ni jike. Huzunguka zunguka akidonoa majani, utafikiri hana habari na yeyote. Richard Buchholz alionyesha miaka ya 1990 kwamba majike hupendelea dume mwenye kinyama kirefu, na madume wa aina hiyo huwa na vimelea vichache vya utumbo. Kwa hiyo kile kinachotuchekesha sisi, kwake ni cheti cha daktari.

Akiridhika hulala chini, dume akampanda. Baada ya hapo dume hana kazi tena. Jike huweza kuhifadhi mbegu mwilini kwa wiki kadhaa, hutafuta kiota chini vichakani, hutaga mayai 10 hadi 12 na kuyaatamia siku 28, peke yake.

Binamu zao weupe wa mashamba makubwa ya nyama mambo yamewaharibikia. Wamechaguliwa kizazi kwa kizazi wawe na kifua kinene, mpaka dume hawezi tena kumpanda jike. Bado hutandaza mkia, bado kichwa hubadilika rangi, bado huvuma. Ila anayepandikiza mbegu ni mfanyakazi wa shamba mwenye mrija mkononi.