Kompyuta haili rushwa, lakini haisikii maelezo

MWAKA 1997 nilipovuka daraja la Rusumo kurudi nchini, nilikuwa na begi moja tu. Ndani yake mlikuwa na blanketi, nguo mbili tatu na bahasha ya vyeti vyangu vya shule. Mama aliniambia blanketi likipotea tutanunua jingine, ila bahasha ile niilinde kama macho yangu. Niliilinda. Sikujua kwamba bahasha hiyohiyo ingekuja kuninyima mshahara wa miezi miwili.

Kisa chenyewe kilianzia Karagwe, mkoani Kagera, siku nilipoandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu aliniuliza jina, nikamtajia. Akauliza tena, "Baba yako anaitwa nani?" Nikamtajia. Akaandika yote mawili, na tangu siku hiyo jina la baba likawa ubini wangu. Jina la ubatizo aliliandika kwa Kiswahili: Yohana. Ndivyo nilivyoitwa mpaka nikamaliza kidato cha nne mwaka 1996.

Huku kwetu Rwanda mambo ni tofauti. Mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si lazima abebe la baba. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata kidogo. Kwa hiyo kitambulisho changu cha taifa kinasema Jean, kikafuatiwa na jina nililopewa na wazazi. Cheti kinasema Yohana, mwana wa fulani. Mtu ni yuleyule, karatasi ni mbili.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikumsumbua mtu. Karani alinitazama, nikamweleza, akacheka, akagonga muhuri. Wengi wa waliorudi kutoka Tanzania, Uganda, Burundi na Kongo wana kisa kama hiki.

Kisha ikaja siku ya kuhamisha kumbukumbu kutoka kwenye mafaili kwenda kwenye kompyuta. Ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa ikihakiki vyeti. Majina hayakulingana, nami nikawekwa kando mpaka uhakiki ukamilike. Kila nilipokwenda kuuliza, jibu lilikuwa moja: "Mfumo unakataa, mwalimu."

Nilimuuliza kijana aliyekuwa zamu, "Nani mwenye mfumo huo nikamweleze?" Akanyanyua mabega. Mwezi wa kwanza nilikopa dukani. Mwezi wa pili mwenye duka, mtu mpole, alilifunga daftari lake la madeni kabla sijafungua mdomo.

Faida hazifichiki

Ndugu msomaji, usinielewe vibaya. Mimi si katika wanaotamani zama za karatasi zirudi. Nilizifahamu vizuri mno. Faili la mtu lilikuwa "halionekani" mpaka karani anunuliwe chai. Mkono mtupu haulambwi, na mwalimu wa kijijini mkono wake ulikuwa mtupu siku zote. Kuomba uhamisho kulimaanisha kuacha darasa bila mwalimu, kupanda basi, kulala mjini na kurudi na ahadi.

Leo mambo ya utumishi yamebadilika kwa kasi. Mfumo wa IPPIS unashika kumbukumbu za watumishi wa umma pamoja na mishahara yao. Anayetafuta kazi serikalini hupeleka maombi yake kwa mtandao, na anaweza kuyafuatilia akiwa nyumbani kwake. Mshahara ukiingia, simu hulia mfukoni na mwalimu huendelea na kipindi chake. Kompyuta haili rushwa, haina shemeji wala mtu wa kijijini kwao. Kwa maskini asiye na mtu wa kumshika mkono, hilo si jambo dogo.

Kwa majirani nako ni hivyohivyo. Nchini Kenya, tangu mwaka 2016 walimu hupimwa utendaji wao kupitia mpango wa TPAD, ambao kumbukumbu zake hujazwa kwa mtandao. Tanzania, fomu za OPRAS walizozoea watumishi zimepisha mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS. Huko huko Tanzania, uhakiki wa vyeti vya watumishi uliotangazwa Aprili 2017 ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, baada ya vyeti hivyo kulinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Mwalimu wa kweli hawezi kulia kwa sababu mwalimu wa kughushi ameondolewa.

Lakini hata orodha ile ilipotangazwa, waliotajwa walipewa nafasi ya kukata rufaa. Mlango uliachwa wazi kwa mtu kuja na kusema: ngojeni, hapa pana makosa. Hilo ndilo ninalolizungumzia leo.

Mashine hujifunza kwetu

Wapo watakaosema kwamba kasoro hizi ni za mwanzo tu, na kwamba akili bandia itakuja kuzimaliza. Tuwe waangalifu. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba kampuni ya Amazon ya Marekani ilikuwa imeachana na programu iliyoitengeneza kuchuja waombaji kazi. Programu hiyo ilifundishwa kwa maombi ya kazi ya miaka kumi, na mengi yalikuwa ya wanaume. Nayo ikajifunza kuwashusha wanawake. Hakuna aliyeiagiza ifanye hivyo. Ilisoma yaliyopita ikadhani ndiyo haki.

Sasa jiulize: mashine iliyofundishwa kwa vyeti vya waliosoma nyumbani itamwonaje aliyesomea uhamishoni, mwenye shule ambayo haimo katika orodha yake na jina lililoandikwa kwa lugha nyingine? Haitamchukia. Itamruka tu, na kurukwa hakuna kelele.

Kuna na hili. Mwalimu mwenzangu anayekaribia kustaafu hajazoea kompyuta. Kila panapotakiwa kujaza fomu, humlipa kijana wa kibanda cha mtandao amjazie. Kijana huyo ndiye anayejua neno lake la siri. Tumemwondoa karani mla chai, tukamkabidhi mzee kwa karani mwingine asiye na ofisi wala kiapo cha utumishi.

Mlango wa mtu

Nashukuru kwamba sheria yetu imeliona tatizo hili. Sheria namba 058/2021 ya kulinda taarifa binafsi, iliyotungwa Oktoba 2021, inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisahihishwe, na haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Tatizo ni kwamba mwalimu aliyesimama dirishani akiambiwa "mfumo unakataa" haijui sheria hiyo, na anayemwambia hivyo pengine haijui pia.

Maombi yangu ni matatu. Kila ofisi inayotumia mifumo hii iwe na mtu anayejulikana kwa jina, mwenye mamlaka ya kusikiliza na kusahihisha. Majibu yawe kwa maandishi na yawe na siku ya mwisho. Na mtumishi ambaye jina lake lina utata aendelee kulipwa wakati uhakiki unafanyika, mradi anaonekana kazini kila siku. Watoto darasani wanamwona, mkuu wa shule anamwona. Kwa nini kompyuta pekee ndiyo isimwone?

Langu mimi lilimalizwa na ofisa utumishi mmoja, binti mdogo kuliko wanafunzi wangu wa kwanza. Hakusema mfumo unakataa. Alifungua bahasha ile ya mwaka 1997, akaweka cheti na kitambulisho pamoja juu ya meza, akauliza, "Mwalimu, huyu Yohana ni nani?"

Nikamwambia ni mimi, na nikamsimulia habari za yule mwalimu wa Karagwe. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanielekeza nikaape mbele ya mthibitishaji wa hati kwamba majina yote mawili ni yangu, nami nikafanya hivyo. Aliporudi kwenye kompyuta yake, hakuchukua hata robo saa, na mfumo ukakubali.