Barua za Cabo Delgado na Maswali ya Mfadhili

Katika karne ya 19, masultani na mashehe wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado waliwaandikia wakuu wa Kireno barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Nyingi zimehifadhiwa Maputo, katika Arquivo Histórico de Moçambique, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane.

Hifadhi ya namna hii huhitaji wafadhili. Mfano ni Endangered Archives Programme ya British Library, iliyoanza mwaka 2004: hugharimia kunakili nyaraka kwa dijitali, na hutaka nyaraka zenyewe zibaki nchini mwao. Mfadhili huuliza: kuna nini, kuna hatari gani, nani atanufaika?

Hatari inajulikana. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, watu wengi wamekimbia makwao, na karatasi za majumbani hupotea. Swali gumu ni la kwanza, kwani barua isiyosomeka haielezeki, na isiyoelezeka haiombewi fedha.

Ndiyo maana twasisitiza kuwa hati za Kiarabu zifundishwe katika idara zetu, pamoja na Kimwani. Msomaji hodari ndiye anayemjibu mfadhili, kabla ya msaada na baada yake.