Ukiunda yadi ya Voi mezani, usisahau shingo

Wengi wanaounda treni ndogo za mezani huanza na duara. Treni inazunguka, video inapigwa, na baada ya wiki mbili mchezo umeisha utamu. Kinachofanya meza isichoshe ni yadi, mahali mabehewa yanakatwa, yanapangwa na kuunganishwa upya. Na kama unatafuta yadi ya kuiga, usiende mbali bana. Iko Voi.

Voi haikuwa stesheni ya kupita tu. Mwaka 1915, vita vikiwa vimechacha, Waingereza walianza kujenga reli kutoka hapa kuelekea Maktau, maana Wajerumani walikuwa wameshika Taveta na kilima cha Salaita. 1916 reli ikavuka Taveta hadi Kahe, ikaungana na ile ya Tanga na Moshi. Hapo Voi ikawa makutano. Treni ya Mombasa inafika, behewa za Taveta zinaachwa, zingine zinaendelea Nairobi. Zile zilizoachwa lazima zipangwe kwa mfuatano wa stesheni: Mwatate, Bura, Maktau, Taveta. Ukikosea mpangilio, dereva atahangaika njiani kote.

Chagua mwaka kwanza. Mimi ningeenda kabla ya 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika na Tanzania haijafunga mpaka. Behewa la Moshi likikosekana, yadi yako imepoteza mzigo mtamu zaidi.

Sasa hesabu. Kipimo cha 1 kwa 87 kinatufaa, kwa sababu reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1, na ukiigawanya inakaribia milimita 12. Reli za upana huo zinatengenezwa Ulaya kwa wapenzi wa treni za milima ya Uswisi, ambako pia wana reli za mita 1. Behewa la mita 13 linakuwa sentimita 15. Ile injini kubwa ya Garratt aina ya 59, iliyovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, ina zaidi ya mita 31. Mezani ni sentimita 36, injini peke yake!

Hapa ndipo wengi huumia. Wanachora njia nyingi za kupangia mabehewa na kusahau shingo, ile njia ya pembeni ambayo injini ndogo inavutia mabehewa nje ya yadi kabla ya kuyasukuma kwenye njia nyingine. Shingo ikiwa fupi, kila mara unaingia njia kuu, na treni ya Nairobi inakungoja wewe. Shingo ibebe mabehewa yote ya njia moja pamoja na injini.

Chukua plaiwudi ya futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244. Mabehewa 10 ni sentimita 150, shingo yake 165, na pointi mbili za kugawanya njia kama 40. Jumla 355. Haiingii, hata ukiomba. Mabehewa 4 yanahitaji 60, shingo 75, na pointi zilezile 40: 175. Sawa kabisa, na nafasi inabaki ya kuchepusha njia ya Taveta. Yadi ndogo inayofanya kazi ni bora kuliko kubwa iliyokwama.

Kabla hujatoa pesa, kata kadibodi za ukubwa halisi wa mabehewa na pointi. Andika jina la stesheni juu ya kila behewa, changanya, kisha zisukume kwa kidole mpaka zifuatane. Ukikwama, futa penseli uchore tena. Kadibodi ni bure.

Na SGR, iliyoanza kubeba abiria 2017? Upana wake ni milimita 1435, mezani 16.5. Ukiitaka, ipe njia yake na stesheni yake pembeni. Behewa la huku haliwezi kuingia kule, kwa hivyo tenga sehemu ya kuhamishia mzigo kutoka behewa hadi behewa.