Tone la Pili la Damu

Mtoto anayefikishwa kituo cha afya Koboko akiwa amelegea, anatapika na kuhema kwa nguvu, hupimwa malaria kwanza, na ni sawa: eneo hili la West Nile lina malaria nyingi kuliko sehemu nyingi za Uganda. Hatari ni pale uchunguzi unapoishia hapo. Dalili hizo huletwa pia na kisukari cha aina ya kwanza, maradhi ya homoni ambamo kongosho huacha kutengeneza insulini na damu hujaa asidi. Mtoto huyo akitundikiwa dripu ya glukosi kwa kudhaniwa ana malaria kali, sukari huzidi kupanda. Mabingwa wa homoni za watoto ni wachache mno, hata baada ya Nairobi kuanza kufundisha madaktari wa Afrika fani hii mwaka 2008. Hata hivyo, naona pengo kubwa liko kwenye kipimo cha dakika moja. Kidole kimeshachomwa, tone la pili liende kwenye mashine ya sukari. Na mama aulizwe: mtoto anakunywa maji kupita kiasi? Ameanza tena kukojoa kitandani?

Wapo watakaosema kugundua ugonjwa pasipo dawa ni kumtesa mzazi. Hoja hiyo ni nzito, maana insulini hudungwa kila siku, maisha yote, na huharibiwa na joto. Lakini tangu Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alipotibiwa kwa insulini Toronto mwaka 1922, ugonjwa huu si hukumu ya kifo. Pasipo friji, chungu cha udongo chenye maji husaidia kuipoza insulini. Asiyegunduliwa hapati hata rufaa ya kwenda Hospitali ya Arua, wala hahesabiwi insulini inapoagizwa.