Mpini, Jua na Mawe ya Redio Mashuuru

Kitengela na Mashuuru zimo katika eneobunge moja la Kajiado Mashariki, ila ukizitazama kwa macho ya umeme ni nchi mbili. Sensa ya 2019 iliikuta Kitengela na zaidi ya watu 150,000, wengi wao wakiishi kwenye nyumba za kupanga na kufanya kazi Nairobi au Athi River. Mashuuru, upande wa kuelekea Emali, ni kituo kidogo kilichozungukwa na maboma yaliyotawanyika nyikani, mbali na nguzo za umeme. Mahesabu ya kaunti huyachanganya maeneo haya mawili, kisha wastani ukitangazwa Kajiado yote huonekana imeendelea. Serikali ilipoorodhesha kaunti 14 za kupelekewa umeme wa jua kupitia mradi wa KOSAP, Narok iliingia na Kajiado ikaachwa nje. Sidhani aliyeishi Mashuuru angeipanga orodha hiyo vile. Kwa hiyo swali la redio ya bomani itapata nguvu wapi bado lina uzito, na ndiyo sababu inafaa kuurudia uvumbuzi uliosifiwa sana kisha ukasahauliwa: redio ya kuzungusha mpini. Naona waliousifu na walioudharau walikosea pamoja, kwa kuwa wote waliutazama mpini. Cha kutazamwa ni gharama inayojirudia, na nani anaweza kukitengeneza chombo kikiharibika.

Mwaka 1991 Mwingereza Trevor Baylis alitazama kipindi cha televisheni kuhusu UKIMWI barani Afrika. Kilieleza kwamba redio ingeweza kufikisha mafunzo ya kujikinga, lakini vijijini hakukuwa na umeme na betri zilikuwa ghali. Akabuni redio yenye utepe wa chuma uliojikunja kama springi ya saa: unazungusha mpini, utepe unakazwa, kisha unajifungua polepole na kuendesha jenereta ndogo kupitia magurudumu yenye meno. Televisheni ya BBC iliuonyesha uvumbuzi huo mwaka 1994, na mwaka uliofuata kampuni ya BayGen ikaanzishwa Cape Town, ikiwaajiri pia watu wenye ulemavu kiwandani. Redio za kwanza, zilizouzwa kwa jina la Freeplay, zilizungumza kwa takriban nusu saa kila zilipokazwa. Zilikuwa nzito, na bei yake iliishinda mbali redio ya kawaida ya betri. Nyingi ziliishia kwa wanunuzi wa Ulaya na Marekani, watu wa kupiga kambi na wenye hofu ya umeme kukatika. Wakosoaji wakaliona hilo kuwa ushahidi kwamba mtu maskini alipewa chombo asichoweza kukinunua.

Hoja hiyo ni ya kweli nusu. Mfugaji wa Mashuuru hapati pesa kama karani au kibarua. Pesa yake huja kwa mkupuo, siku anapouza mbuzi au fahali kwenye mnada wa Emali au Bissil, halafu huenda zikapita wiki nyingi asishike noti. Mawe ya redio, yaani betri za kawaida, kinyume chake hudai pesa kidogo kidogo bila kukoma, na hayangoji siku ya mnada. Kwa mtu wa namna hiyo, chombo kinacholipiwa mara moja kinaendana na mapato yake kuliko kinachomdai kila baada ya siku chache. Tena mawe humkwamisha wakati mbaya kuliko yote. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na Septemba 2021 serikali ikautangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa. Ng'ombe anapokonda bei yake huporomoka, na mwenye ng'ombe hubana matumizi. Mawe ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuachwa dukani, ilhali huo ndio wakati wa kusikia utabiri wa mvua, ratiba ya chanjo za mifugo, mahali malisho yalipobakia na siku ya kugawa chakula. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya iliuelewa umuhimu wa redio ilipofungua vituo vidogo vya FM chini ya mpango wa RANET, kikiwemo Oltoilo Le Maa cha Suswa kinachowahudumia wasikilizaji wa Kimaa. Lakini kituo hakimfikii mtu ambaye redio yake imekufa kwa kukosa mawe.

Je, basi mpini ndio jibu? Tupige hesabu. Redio ndogo ikisikika kwa sauti ya wastani hutumia takriban wati 0.2. Mkono unaozungusha bila kujichosha unaweza kutoa wati 10, na tukichukulia kwamba nusu inapotea njiani kwenye meno na jenereta, dakika moja ya kuzungusha inanunua dakika 25 za kusikiliza. Si haba. Ila kipaneli cha wati moja, kinachotosha kiganjani, kikipata saa tano za jua kali na nusu ya nguvu ikapotea vilevile, kinatoa zaidi ya saa 12 za kusikiliza. Ungetaka kukifikia kwa mkono, ungezungusha nusu saa nzima. Kajiado haina upungufu wa jua. Watengenezaji wenyewe walikubali hesabu hii: springi iliachwa, ikaja betri ya kuchajiwa kwa mpini na kwa jua, na mwaka 2003 ikatolewa Lifeline, redio ngumu yenye sauti ya kutosha kundi la watu, iliyogawiwa kwa mfano kwa watoto wa Rwanda walioachwa kuongoza nyumba zao. Mpini ukabaki akiba ya usiku na ya siku za mawingu ya Julai. Hapo ndipo mahali pake, na ni mahali pa heshima: siku kipaneli kitakapopasuka kwa kukanyagwa na ndama, habari zitaendelea kusikika.

Atasema mtu kwamba haya yote yamepitwa, kwa kuwa kila mtu ana simu na hata kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ina redio. Ni kweli, ina. Lakini kabambe hutumia waya wa masikioni kama eriali, spika yake ni hafifu, na tena ni mali ya mtu mmoja anayetoka nayo. Baba akienda mnadani, redio imekwenda mnadani. Mama, bibi na watoto wamebaki na kimya. Shule zilipofungwa Machi 2020, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilipeleka masomo hewani kupitia KBC, na mtoto ambaye redio ya nyumbani kwao ilikuwa mfukoni mwa baba alisoma baba alipokuwepo. Na simu nayo hula chaji, inayolipiwa dukani ikiwa boma halina sola. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni lile la sola za kulipia kidogo kidogo kwa M-Pesa, ambazo M-Kopa ilianza kuuza nchini mwaka 2012 zikiwa na taa, chaja ya simu na redio. Kwa muuza mboga wa Kitengela anayeshika pesa kila jioni, mpango huo unaushinda mpini bila ubishi. Kwa mfugaji, malipo ya kila siku yanaurudisha mzigo uleule wa mawe mpaka deni liishe, na usipolipa taa huzimika. Ingekuwa busara kampuni hizo zikubali malipo ya mkupuo baada ya mnada.

Linabaki lawama ambalo watetezi wa redio za mpini hawalijibu vizuri: vyombo vya msaada hufa upesi na kurundikwa stoo ya chifu. Tofauti ya redio hizo na jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980, ni kwamba jiko lilitengenezwa na mafundi wa jua kali wenyewe, na lilipovunjika aliyelirekebisha hakuwa mbali. Redio ya mpini ilikuja na magurudumu ya plastiki ya kipekee. Jino likikatika, fundi wa Emali anayejua kulehemu waya na kubadilisha spika hana pa kupata jingine. Basi kamati ya shule au ya ukame inayotaka kununua redio iombe kufunguliwa kifuniko cha nyuma kabla ya kutoa hela. Itazame kama imefungwa kwa skrubu za kawaida au kwa gundi. Itazame kama inatumia betri ya BL-5C, ile ya Nokia za zamani ambayo ni rahisi kuipata na ambayo redio nyingi za Kichina zimeichukua. Mwisho ichomoe mpini, iiache redio juani, isikilize kama inaendelea kuongea bila huo mpini.