Panya na Punje Inayochelewa

Panya mdogo amechomeka pua ndani ya tundu. Amekwisha kujifunza kwamba akitulia hapo, punje ya chakula itatoka. Sekunde ya tatu yapita, ya sita, ya tisa. Kimya. Avumilie au ajiendee zake?

Uamuzi huo unategemea kwa sehemu seli zilizojipanga katikati kabisa ya shina la ubongo, mahali paitwapo raphe, neno la Kigiriki lenye maana ya mshono. Kwa binadamu seli hizo ni laki chache tu kati ya takriban bilioni 86 za neva, lakini nyuzi zake zimetambaa karibu kila pembe ya ubongo, zikimwaga serotonini.

Wengi huiita kemikali ya furaha. Jina hilo linaficha mengi. Ilipotengwa kutoka kwenye damu huko Cleveland, Marekani, mwaka 1948, waliokuwa wakiitafuta walivutiwa na uwezo wake wa kukaza mishipa, na sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, kama asilimia 90, imo tumboni, ikisaidia utumbo kusukuma chakula. Hiyo ya tumboni haiingii ubongoni. Ubongo hujitengenezea yake kutokana na triptofani, iliyomo katika mayai, samaki na maharage.

Uhusiano wake na subira ulionekana waziwazi Okinawa, Japani. Mwaka 2014 watafiti Katsuhiko Miyazaki, Kayoko Miyazaki na Kenji Doya walitumia panya waliobadilishwa jeni ili seli zao za serotonini ziamshwe kwa mwanga wa buluu. Mwanga ulipowashwa, panya walingoja zaidi kabla ya kukata tamaa.

Je, mwanga uliwafurahisha? Kundi la mtafiti Zachary Mainen mjini Lisbon lilieleza mwaka 2015 kwamba sivyo: panya wao walizidi kungoja, lakini hawakupendelea mahali ambapo seli hizo zilichochewa. Dopamini, kemikali nyingine ya ubongo inayohusishwa na tuzo, ina mwendo wake. Mtafiti Wolfram Schultz alionyesha kwa nyani kwamba seli za dopamini hushtuka tuzo inapozidi matarajio na kunyamaza isipofika.

Mwaka 2018 watafiti wa Okinawa walicheza na uhakika wenyewe. Punje ilipotoka mara 3 kati ya 4, mwanga uliongeza uvumilivu. Ilipotoka nusu ya mara, au robo, mwanga haukufua dafu. Serotonini ilikuza tumaini ambalo panya tayari alikuwa nalo. Pasipo tumaini, haikuwa na cha kukuza.

Kwa binadamu mambo yana sura nyingine. Mwaka 2023 watafiti wa Cambridge na wenzao walichunguza watu 66 wenye afya njema. Baadhi walimeza escitalopram, dawa ya sonona inayoifanya serotonini ikawie kati ya seli. Wengine kidonge bandia, kwa siku 21 au zaidi. Katika mchezo wa kuchagua alama zenye tuzo, waliotumia dawa hawakuongozwa sana na kupata au kukosa. Huenda ndiyo sababu wagonjwa wengi husema huzuni imepungua, lakini na utamu wa mambo umefifia.

Mwenye hali hiyo amweleze daktari wake: kipimo hubadilishwa, na dawa nyingine zipo. Kuacha ghafla huweza kuleta kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi.